Kopo la Kamba ya Bluu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 12 Agosti 1978, gunia la sukari lilikuwa wazi nyuma ya kaunta ya duka la Otmar Kasanda, Ushirombo, na lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu.

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Kalisti Mhoja, wa upelelezi Shinyanga, alilitazama gunia hilo akiwa wa tatu kwenye foleni. Alikuwa amevaa shati la kiraia. Wa kwanza alikuwa mzee aliyeshika karatasi ya njano iliyokunjwa mara nne. Wa pili alikuwa mwalimu mwenye noti ya shilingi ishirini.

"Sukari kilo mbili," mzee alisema.

Otmar Kasanda aliitazama karatasi, hakumtazama mzee. "Sukari imekwisha."

"Na ile?"

"Ile ina wenyewe, mzee wangu. Chumvi ipo. Sabuni ipo."

"Jana nayo ilikuwa na wenyewe."

"Na kesho pia. Pisha wenzako."

Mzee alikunja karatasi yake mara ya tano, akatoka. Mwalimu akaomba kilo moja. Otmar akachukua kopo la bati lililoning'inia kwa kamba nyeupe kwenye msumari, akachota sukari, akaisawazisha kwa kipande cha ubao, akaimimina kwenye mfuko wa karatasi, kisha akaligonga kopo chini kwa vidole ili punje za mwisho zidondoke. Kopo likalia kama kengele ndogo. Kwenye msumari wa pili, pembeni yake, hapakuwa na kitu.

Kalisti naye alinunua kilo moja kwa taslimu. Aliomba risiti, akapewa. Bei ilikuwa ileile iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa bei, na ile ya ubao ilikuwa ileile ya Tume ya Bei. Chini ya ubao palikuwa na tangazo la Mkoa lenye mhuri. Alilisoma lote, ingawa alilifahamu. Msimu huo noti zilikuwa haba, na wakulima wa pamba walilipwa nusu kwa fedha, nusu kwa hati za njano. Duka lenye kibali cha sukari lililazimika kupokea hati kwa thamani iliyoandikwa juu yake, na benki ya Kahama ililipa duka baada ya siku thelathini. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi: *Muuzaji haruhusiwi kuongeza bei kwa sababu ya namna mnunuzi anavyolipa.*

Ndipo akatoa kitambulisho.

Uso wa Otmar ulichangamka. "Afande! Ungesema mapema, ukasimama foleni na watu! Karibu ndani. Umekuja kwa ajili ya kopo langu?"

"Nimekuja kwa ajili ya kopo lako."

Ilikuwa kweli. Ijumaa jioni, akiwa kituoni hapo kukagua majalada ya wizi wa ng'ombe, Kalisti alikuta jalada jembamba la wizi wa dukani. Mshtakiwa: Nyamizi Makoye, mjane, mkulima. Mali iliyoibwa: kopo moja la kupimia. Thamani: shilingi mbili. Mlalamikaji alikuwa amefika kituoni mara tatu kwa siku mbili kuuliza kama kopo limepatikana, na mara ya kwanza alikuja na gari lake kuwapeleka askari wakamkamate huyo mama. Kalisti alikuwa na miaka kumi na miwili kazini. Hakuwahi kuona mtu akichoma petroli ya shilingi thelathini kufuata bati la shilingi mbili.

"Nieleze kopo lenyewe," alisema akifungua daftari. "Taratibu. Hakimu atataka kujua ni la kwako, si la mtu mwingine."

"Ni la kwangu. Lilikuwa la mafuta ya kupikia, nililikata mdomo mwenyewe. Nililitoboa tundu nikafunga kamba ya bluu. Chini nimechora herufi zangu kwa msumari, O na K."

"Lilikuwa likitumika?"

"Kila siku. Hapa kaunta."

"Linapima kiasi gani?"

Otmar alisita kidogo, muda wa mtu anayevuta pumzi. "Kilo moja ya sukari."

"Kamili?"

"Kamili. Mimi ni mfanyabiashara, afande. Mizani imepelekwa Kahama kugongwa mhuri, lakini makopo yangu ni ya uhakika."

Kalisti aliandika, akamsomea, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Otmar alitia sahihi kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma shule ya misheni.

"Yule mama ni mkorofi," aliongeza. "Mtu akiachwa na kopo leo, kesho atachukua gunia. Mfungeni, watu wajifunze."

"Naomba pia daftari lako la mauzo ya sukari. Nitalirudisha kesho."

"Daftari? La nini?"

"Kuthibitisha kwamba unauza sukari."

Otmar alicheka na kulitoa.

---

Kituo cha polisi kilikuwa na vyumba viwili na mahabusu moja. Mkuu wa kituo, Sajini Nkwabi, alimkuta Kalisti akifunga ule mfuko wa sukari kwa uzi na kudondoshea nta juu ya fundo.

"Afande, sukari nayo unaifunga kama barua ya serikali?"

"Nani ananunua pale, Sajini?"

"Sote. Mimi mwenyewe kila mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka. Kilo ni kilo pale kwa Otmar. Sijawahi kupunjwa." Alijikuna shingo. "Labda mke wangu. Shamba la pamba ni lake, analipwa hizo karatasi za njano, ananunua sukari kilo tatu haimalizi wiki mbili. Lakini huyo najua inakokwenda. Ana kaka wanne. Wanakunywa chai kama wanaoga."

"Umemwuliza?"

"Nimemwuliza? Tumegombana mpaka majirani wakaja."

Kalisti hakucheka. Alikwenda kumwona mahabusu.

Nyamizi Makoye alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele. Mwanamke wa miaka arobaini na tano hivi, mikono yake imepasuka kwa kuchuma pamba. Bintiye wa kwanza aliitwa Paskazia.

"Shikamoo, Mama Paskazia."

Aliinua uso. "Marahaba. Tangu Alhamisi sijasalimiwa humu."

"Ulichukua kopo la Bwana Otmar?"

"Nilichukua."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu linaiba. Mwizi akikamatwa hapelekwi? Nilikuwa nalipeleka."

"Wapi?"

"Mkutano wa kijiji. Kesho, baada ya misa."

"Umejuaje kwamba linaiba?"

Alijibu kwa sauti ya chini yenye hasira. "Mimi napika pombe ya mtama miaka ishirini na miwili. Nauza kwa kopo. Kopo nalijua kama wewe unavyoijua kofia yako. Pale dukani yapo mawili. La kamba nyeupe na la kamba ya bluu. Ukija na noti, anashika la nyeupe. Ukija na karatasi, anashika la bluu. Nilidhani ni ubaguzi tu, kwamba karatasi zetu zinanuka. Alhamisi nilikuwa mbele kabisa. Akamaliza kunipimia, akaligonga chini. Kopo zima likigongwa linalia. Lile liliguna."

"Liliguna."

"Kama mtu aliyeshiba. Na halikushibishwa na sukari ya kwangu? Nimelima pamba hiyo kwa mkono. Nimepalilia mara tatu. Mwenye noti na mimi tunaandikiwa bei moja, kwenye risiti tumelingana, halafu mimi napewa kidogo kwa sababu serikali imenilipa kwa karatasi! Karatasi niliiomba mimi?"

"Kopo liko wapi sasa?"

"Sikwambii."

"Mama, Jumatatu asubuhi utapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Umekiri kulichukua. Bila kopo, ni wizi. Unaweza kupata miezi sita."

"Najua. Na kituo cha kununulia pamba kinafungwa Jumatano, na magunia yangu saba yako ndani, na Paskazia ana mtoto mchanga hawezi kuyabeba. Yote nayajua." Alionyesha mlango kwa midomo. "Lakini waliokuja kunikamata walishuka kwenye gari la Otmar. Otmar ndiye aliyewafungulia mlango. Nikikuambia lilipo, jioni litakuwa dukani, na Jumatatu nitakuwa mwizi wa kopo zima."

Kalisti aligeuka kuondoka. Alipofika mlangoni, mama akamwita.

"Afande. Leo ni zamu yangu ya pombe kule kilabuni. Mwambie Coletha auze, isije ikachacha. Na atumie makopo yangu, asitumie ya kwake."

Nje, Sajini Nkwabi alitikisa kichwa. "Mtu yuko mahabusu, anawaza pombe."

---

Nyumba ya Nyamizi ilikuwa imekwisha kupekuliwa Alhamisi. Kalisti aliipekua tena, mbele ya balozi wa nyumba kumi: ghala la mtama, magunia saba ya pamba, jikoni, chini ya vitanda, kisima kilichokauka. Hapakuwa na kopo hata moja, jambo ambalo alilitambua lakini hakulipa uzito. Alirudi kituoni saa sita na kufungua daftari la mauzo.

"Nikuambie ukweli, afande," alisema Sajini Nkwabi. "Otmar hapendi karatasi kwa sababu ya dhahabu. Wachimbaji wa Nyarugusu hawapokei kitu isipokuwa noti. Anataka taslimu akanunue. Ndiyo maana anawafukuza wenye karatasi. Hilo ni kosa, sawa, lakini ni jalada lingine."

Lilikuwa wazo zuri, na asubuhi, mzee alipofukuzwa, Kalisti mwenyewe alikuwa nalo. Alipitisha kidole kwenye safu. Duka lililazimika kuandika kila kilo ya sukari, saa iliyouzwa na namna ilivyolipiwa. Tangu mwanzo wa Julai mpaka Jumatano tarehe 9 Agosti, kati ya kila kilo tatu, moja ilikuwa imelipiwa kwa hati. Otmar hakuwa akiwafukuza wenye karatasi. Alikuwa akiwauzia bila shida, mwezi mzima na zaidi.

Tarehe 10 Agosti kulikuwa na mauzo ya hati mawili, yote kabla ya saa nne. Tarehe 11, hakuna. Tarehe 12, yeye mwenyewe alishuhudia.

"Sajini, kopo lilichukuliwa saa ngapi Alhamisi?"

"Saa nne."

"Kuanzia saa nne, mwenye karatasi haambiwi kingine ila sukari imekwisha. Mwenye noti anapata. Kama ni dhahabu, angeanza Julai. Kilichokwisha dukani si sukari. Kilichokwisha ni kopo."

Sajini Nkwabi alilitazama daftari. "Si ana lingine? La kamba nyeupe?"

"Analo. Kwa nini asiwapimie kwa hilo?"

Sajini alivuta daftari karibu, akaanza kuhesabu safu ya hati.

Kalisti alisimama. Sasa jambo lile la asubuhi lilipata uzito. Mpika pombe wa miaka ishirini na miwili hana kopo hata moja nyumbani kwake. Makopo yake yote yalikuwa kazini.

---

Kilabu cha pombe kilikuwa na paa la nyasi na magogo ya kukalia. Saa nane mchana kilikuwa kimejaa. Wapishi walipeana zamu, kila mmoja siku yake, na siku ya zamu mpishi alileta mtungi wake na makopo yake. Coletha, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa akiuza kwa niaba ya Nyamizi bila kuchukua senti.

Kalisti alikaa kwenye gogo la nyuma na kuagiza. Kopo lake lilikuwa la kawaida. Alilishika, akasubiri. Hakusubiri sana.

"Coletha!" Mzee mmoja mwembamba alikuwa amesimama, kopo mkononi. Alikuwa Marcelino, seremala aliyestaafu. "Kopo hili linakunywa kabla yangu!"

"Kaa chini, mzee. Mdomo wako ndio umekua."

"Mdomo wangu uko palepale tangu ubatizo. Nimeinua mara tatu, nimefika chini. Kopo hufika chini mara nne!"

"Mara ya tatu ulivuta kama fahali," mtu alidakia, na watu wakacheka.

"Jana nilipewa mimi hilo," alisema mwingine, bila kucheka. "Ni kweli. Linadanganya."

Kalisti alikwenda mpaka mbele na kusema yeye ni nani. Kicheko kilikatika. Alimwomba Coletha alijaze tena lile kopo la Mzee Marcelino mpaka ukingoni, kisha alimimine kwenye kopo lolote la wengine, watu wote wakitazama. Coletha alimimina. Pombe ilikoma vidole viwili chini ya ukingo.

"Gashi!" Coletha alisema, na sauti yake yote ilikuwa imeondoka. "Kumbe hili si la Nyamizi."

"Aliyaleta lini makopo haya?"

"Alhamisi, mbio mbio, karibu saa tano. Akasema nimwekee, Jumamosi ni zamu yake. Akarudi kwake. Na hapo hapo wakamkamata."

"Kwa hiyo jana lilitumika kabla ya zamu yake."

"Watu walizidi, nikaazima makopo. Hakusema usiguse."

Kalisti alitoa rula mfukoni. Urefu wa kopo kwa nje: sentimita kumi na tatu. Kwa ndani: kumi na moja. Aliligonga chini. Liliguna. Aliinamisha kopo kwenye mwanga: sentimita mbili juu ya sakafu yake ya kweli, duara la bati lilikuwa limelehemiwa kuzunguka pande zote, kazi safi ya fundi anayejua. Chini, kwa nje, palikuwa na herufi mbili zilizochorwa kwa msumari, O na K. Kwenye tundu la mdomoni nyuzi tatu za bluu zilikuwa bado zimenasa.

Watu karibu wote pale walikuwa wameuza pamba mwezi huo.

"Sukari ya watoto wangu," Mzee Marcelino alisema. "Nilimpiga mjukuu. Nilisema anailamba."

Kalisti aliandika majina ya mashahidi sita na kumpa Coletha risiti ya kielelezo.

"Na pombe yangu?" Mzee aliuliza.

"Kielelezo ni kopo, mzee. Pombe ni yako."

Coletha alimmiminia kwenye kopo jingine na kulijaza mpaka likafurika.

---

Jumapili saa sita mchana, baada ya misa, Otmar Kasanda alifika kituoni akiwa na koti na viatu vya kung'aa. Mezani palikuwa na makopo sita ya bati, yote ya mafuta ya kupikia, yote bila kamba.

"Chagua la kwako," Kalisti alisema.

Otmar aliyainua mawili tu. La pili hakuliweka chini. "Hili."

"Una uhakika?"

"Ningelijua hata nikiwa nimefumba macho. Tazama herufi zangu."

Kalisti aliandika utambuzi, Otmar akatia sahihi, na Sajini Nkwabi akatia ya kwake kama shahidi. Otmar alinyoosha mkono. "Nipe basi. Wateja wangu wamenisubiri siku tatu."

"Wamekusubiri. Tutapita zahanati kwanza."

"Zahanati? Nani mgonjwa?"

Walikwenda kwa miguu, watatu, hatua mia mbili. Sista Mektilda, muuguzi, alikuwa ameandaa mizani anayopimia watoto wachanga, iliyokaguliwa na kugongwa mhuri mwezi Juni. Alikuwa ameweka juu yake beseni tupu na kusogeza mshale kwenye sifuri.

Kalisti alimwonyesha Otmar mfuko wa sukari, nta ikiwa haijaguswa, na risiti. "Sukari uliyoniuzia jana. Taslimu. Kopo la kamba nyeupe. Sista."

Sista Mektilda alikata uzi na kumimina. Aliinama, akasoma. "Kilo moja. Haijazidi, haijapungua."

"Sasa iingie kwenye kopo la Bwana Otmar."

"Afande," Otmar alisema.

Sukari iliingia mpaka ukingoni. Sista aliisawazisha kwa ubao. Kilichobaki kwenye beseni kilikuwa kilima kidogo cheupe. Alikirudisha kwenye mizani.

"Gramu mia na hamsini."

"Kwa kila kilo," Kalisti alisema.

Otmar aliweka mikono mfukoni, akaitoa. "Kopo limechezewa. Lilikuwa kwa wale walevi siku mbili."

"Fundi wa kulehemu kilabuni ni nani? Na dakika ishirini zilizopita umesema ungelijua umefumba macho. Uliinua mawili, ukalitambua kwa uzito. Jana ulitia sahihi kwamba lilikuwa likitumika kila siku kaunta, na ni kilo kamili."

Otmar alimtazama Sajini Nkwabi. Sajini alikuwa akitazama kile kilima cha sukari.

"Basi sikiliza," Otmar alisema kwa sauti nyingine. "Mimi siongezi bei kwa mwenye karatasi. Nampunguzia mwenye taslimu. Ni zawadi. Sheria inakataza zawadi?"

"Haikatazi. Bei ya ubaoni ni ya kilo moja. Mwenye taslimu amepata kilo moja, imepimwa mbele yako. Hajapewa zawadi yoyote. Mwenye karatasi amelipa bei hiyohiyo, amepata gramu mia nane na hamsini. Hiyo ni nyongeza ya bei. Uliiweka chini ya kopo badala ya ubaoni."

"Na nani analipa petroli yangu mpaka Kahama? Nani analipa siku thelathini za kusubiri? Karani wa benki ananizungusha, leo rudi kesho, kesho rudi Ijumaa. Karatasi zinanigharimu! Serikali inaandika tangazo, gharama nabeba mimi!"

"Inawezekana," Kalisti alisema. "Tume ya Bei inapokea barua. Umeandika ngapi?"

Otmar alijifuta vumbi kwenye koti.

"Umemwambia mteja hata mmoja? Ungesimama kaunta useme: karatasi zinanigharimu, anayetaka anunue, asiyetaka aende. Lingekuwa kosa, lakini lingekuwa kosa la mtu aliyesema. Wewe ulilipa fundi. Kisha mama mmoja akasikia kopo likiguna, ukamletea askari kwa gari lako, ukaniambia afungwe ili watu wajifunze." Alifunga daftari. "Otmar Kasanda, nakukamata kwa kutumia kipimo cha uongo na kwa kuuza kwa bei iliyozidi ya sheria. Sista, tafadhali tia sahihi hapa."

---

Saa nane na nusu Otmar alivua mkanda na viatu vya kung'aa mbele ya meza ya zamu. Kopo liliandikwa kielelezo namba moja, sukari namba mbili, maelezo yake mwenyewe namba tatu.

Saa nane na dakika arobaini Nyamizi Makoye alitolewa. Kalisti alimsomea alichoandika kwenye jalada lake: kwamba alichukua kopo kwa nia ya kulionyesha hadharani, si kwa nia ya kulimiliki, kwamba hakuna kesi. Mama alibonyeza kidole gumba kwenye wino, kisha kwenye kitabu.

"Ulipajuaje?" aliuliza.

"Mzee Marcelino alilalamika."

"Yule hulalamika kila siku." Alifuta kidole kwenye kitenge. "Sukari yangu nitarudishiwa?"

"Hakimu ataamua. Leta risiti."

"Nitaleta risiti. Nitaleta na watu."

Alianza na Coletha. Kufikia saa kumi foleni ilikuwa imetoka mlangoni na kuzunguka ukuta wa kituo. Kila mmoja alikuwa na risiti ya sukari iliyoandikwa *hati* pembeni, na Sajini Nkwabi aliandika jina, tarehe na kilo, bila kuinua kichwa. Mzee mwenye karatasi iliyokunjwa mara tano alikuwa wa tisa. Mzee Marcelino alikuwa wa kumi na mbili, na mjukuu wake amemshika mkono.

Wa thelathini na moja aliweka risiti tatu juu ya meza.

"Jina," alisema Sajini Nkwabi.

"Unalijua."

Sajini aliinua kichwa. Alikuwa Generosa, mke wake.

"Andika, Baba Mageni. Kilo tatu, na tatu, na tatu. Na hapo chini uandike kwamba kaka zangu hawakunywa sukari yako."

Foleni nzima ilisogea kusikiliza. Sajini alimtazama Kalisti, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ni maelezo ya shahidi," Kalisti alisema. "Yaandike kama alivyoyatoa."

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni, Sajini Nkwabi aliyaandika.